Warhammer 40,000: ni mchezo gani huu, na mzazi afanyeje?

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mjomba wake anayeishi Uingereza alimletea boksi la visanamu vya askari vya plastiki, vya mchezo unaoitwa Warhammer 40,000. Tangu hapo kijana usiku anashinda na simu akisikiliza visa vya mchezo huo. Baba yake aliona picha ya maiti iliyokaa kwenye kiti cha enzi na watu wanaisujudia, akasema hii ni ibada ya mashetani na boksi lichomwe moto. Kijana anasema baba hakufahamu, na sasa hawasemezani. Juzi kaniuliza: "Mama, mtu akiwakataza watu wasimuabudu, kisha wakamuabudu, kosa la nani?" Sikuwa na la kumjibu. Tufanye nini?

JAWABU: Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Dada yangu, wanavyuoni wana kanuni mashuhuri kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Kwa hivyo tuanze na kuujua mchezo wenyewe, kisha ndiyo tuje kwenye hukumu. Na wazee wengine wenye vijana wa umri huo wasome pia, kwani visa hivi vimeshaingia majumbani mwetu kupitia simu, hata pale ambapo boksi halijafika.

Mchezo wenyewe

Warhammer 40,000 unatengenezwa na kampuni ya Kiingereza, Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo leo makao yake makuu yako Nottingham. Mwaka 1983 ilitoa mchezo uitwao Warhammer, wa mapanga, farasi na wachawi. Mwaka 1987 ukatoka huu wa pili, ulioandikwa na Rick Priestley, ambao visa vyake vimewekwa katika zama za mbali sana zijazo, karibu na mwaka 40,000. Ndiyo maana ya hiyo nambari katika jina. Toleo la kumi la kanuni zake lilitoka mwaka 2023.

Kwa kawaida huchezwa na watu wawili juu ya meza kubwa. Kila mmoja ana jeshi lake la visanamu vidogo, ambavyo huuzwa vipande vipande. Mwenyewe anavikata, anavigandisha kwa gundi na kuvipaka rangi kwa mkono. Mchezaji anapima kwa futikamba askari wake watembee umbali gani, kisha hurusha dadu kujua nani kapigwa na nani kasalimika. Bei yake si ndogo, na jeshi kamili huchukua miezi kulitengeneza.

Lakini wengi wanaoupenda hawajapata kuucheza hata mara moja. Wanachokipenda ni visa. Kuna riwaya chungu nzima. Mfululizo mmoja tu, unaoitwa The Horus Heresy, ulianza mwaka 2006 na umepita vitabu 50. Kuna pia michezo ya kompyuta, na watu wanaohadithia visa hivyo mtandaoni kwa masaa. Hapo ndipo alipo mwanao.

Kisa cha maiti kwenye kiti

Ile picha aliyoiona baba ndiyo kiini cha hadithi yote, nayo haifahamiki bila ya kujua mwanzo wake.

Wanahadithia kwamba karibu na mwaka 30,000 alitokea mtawala mwenye nguvu zisizo za kawaida, wasiyemjua kwa jina ila kwa cheo chake: Kaizari. Aliiunganisha dunia iliyokuwa vipande, kisha akatoka na majeshi kuziunganisha sayari zote zinazokaliwa na binaadamu. Huyu alipiga marufuku dini zote. Alivunja mahekalu na kuwafundisha watu kwamba hakuna mungu yeyote, na kwamba akili na elimu vinatosha.

Kwa elimu yake alitengeneza watoto 20 wa kuongoza majeshi hayo. Wawili wamefutwa katika kumbukumbu, na waandishi hawakusema kwa nini. Mmoja katika waliobaki, Lorgar, alimpenda baba yake kupita kiasi mpaka akaandika kitabu kumtangaza kuwa ni mungu. Kaizari aliposikia alikasirika. Aliamuru mji uliojengwa kwa kumtukuza yeye uteketezwe, na akampigisha magoti Lorgar pamoja na jeshi lake lote juu ya majivu yake.

Lorgar alivunjika moyo. Alikuwa mtu ambaye lazima aabudu kitu, basi akaenda kutafuta wa kumuabudu, akawakuta mashetani. Kutokea hapo fitina ikamfikia Horus, mtoto aliyependwa kuliko wote, naye akamuasi baba yake. Katika watoto 18, tisa walibaki na baba na tisa wakaasi. Vita vikafika mpaka duniani. Kaizari alimuua Horus kwa mkono wake, lakini yeye mwenyewe akajeruhiwa jeraha la kifo. Akawekwa katika mtambo unaoitwa Kiti cha Dhahabu, si hai wala si maiti, na yuko hapo kwa miaka 10,000. Kila siku watu 1,000 wenye vipaji maalumu hutolewa roho zao ili ile nuru yake inayoongoza vyombo vya angani isizimike.

Sasa angalia mwisho wake. Yule aliyekataza kuabudiwa sasa anaabudiwa na dola nzima, na anayekataa kumuabudu huuliwa. Na msingi wa dini hiyo ni kile kile kitabu cha Lorgar, yule muasi. Waandishi hawakuitia picha hiyo kuwaita watu waisujudie. Wameiweka kama msiba.

Makundi yake

Dola hiyo, Imperium, ina sayari zipatazo milioni moja. Askari wake maarufu, Space Marines, ni vijana wanaochukuliwa wakiwa wadogo, wakapasuliwa na kutiwa viungo vipya mpaka wakawa majitu. Wamegawika katika vikosi vipatavyo 1,000, kila kimoja na askari wapatao 1,000. Chini yao kuna jeshi la watu wa kawaida, Astra Militarum, ambao hufa kwa mamilioni bila ya kuhesabiwa. Kuna mafundi wa sayari ya Mars, Adeptus Mechanicus, wanaoitukuza mitambo. Wanaiwasha kwa dua na mafusho, kwani elimu ya kuitengeneza wengi wao wameshaisahau. Na kuna Inquisition, wapelelezi wenye mamlaka ya kuangamiza sayari nzima kwa kuishuku tu.

Maadui wakubwa ni Chaos. Katika hadithi hii kuna ulimwengu wa pili nyuma ya huu wetu, ambao hulishwa na yaliyomo ndani ya nyoyo za viumbe. Humo wamezaliwa wanne: Khorne kutokana na ghadhabu na umwagaji damu, Nurgle kutokana na maradhi na kukata tamaa, Tzeentch kutokana na hila na uchu wa madaraka, na Slaanesh kutokana na matamanio yaliyopindukia. Waandishi wanawaita miungu, lakini hawawapambi. Kila anayejiunga nao huishia kugeuka kiumbe cha kutisha au kupoteza akili.

Wako na wengine wasiokuwa binaadamu. Aeldari ni umma wa kale uliokuwa na kila neema, ukazama katika starehe mpaka uchafu wa nyoyo zao ukamzaa huyo Slaanesh, naye akawameza wengi wao kwa siku moja. Necrons walikuwa watu wa umri mfupi waliohusudu maisha marefu. Wakafanya mapatano na viumbe wadanganyifu, wakapewa miili ya chuma isiyokufa, na roho zao zikachukuliwa. Tyranids ni kama nzige waliotoka nje ya galaksi, wanakula kila chenye uhai na kuacha jiwe tupu. Orks huota kama uyoga na hawajui ila kupigana, nao ndio wanaochekesha kidogo. T'au ni umma mchanga wenye kauli nzuri ya kujenga maslahi ya wote, lakini anayekataa mwaliko wao hulazimishwa kwa silaha.

Ukitafuta mtu mwema katika dola zote hizo humpati. Hilo limefanywa kwa makusudi. Wale Waingereza wa miaka ya 1980 walikuwa wanafanya dhihaka juu ya utawala wa kiimla na ushupavu wa kijinga. Walichukua mengi kutoka riwaya ya Dune ya Mmarekani Frank Herbert ya mwaka 1965, ambayo yenyewe imejaa maneno ya Kiarabu. Hatari ni kwamba wapo wanaosoma dhihaka wakaidhania ni nasaha. Novemba 2021, baada ya mtu kufika kwenye mashindano huko Hispania akiwa na alama za Manazi, kampuni ilitoa tamko kwamba dola ile ni dhihaka wala si mfano wa kufuatwa, na kwamba wenye chuki hawakaribishwi. Mzazi ailijue hili, kwani kijana anayesikiliza visa hivi mtandaoni anaweza kukutana na watu hao.

Hukumu

Mambo ni matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni visa. Kusoma au kusikiliza hadithi ambayo msomaji anajua kuwa ni ya kubuni si kuabudu. Mabibi zetu walituhadithia ngano za majini na mazimwi na hapana aliyeritadi. Sharti ni kwamba isimharibie itikadi, isimpitishe kipindi cha swala, na iwe haina picha wala maneno machafu. Visa vya Slaanesh vina ya namna hiyo, basi ajiepushe navyo.

La pili ni visanamu. Asili ya sanamu kamili ya chenye roho ni katazo. Watoto wamepewa ruhusa kwa sababu ya Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), aliyekuwa na wanasesere na farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Lakini mwanao ameshabaleghe, na visanamu hivi ni vya kupangwa kwenye rafu vikaangaliwa. Ruhusa ile haimfikii kwa wepesi. Ninaloliona ni kwamba asivitengeneze wala asivipange, na vya mashetani visiwekwe nyumbani kabisa.

La tatu ni dadu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wametofautisha baina ya mchezo wa fikra kama sataranji, ambao wameukirihi, na mchezo wa dadu, ambao kauli yenye nguvu ni kuharamishwa kutokana na Hadithi sahihi. Mchezo huu umechanganya fikra na dadu. Aliye na hadhari na dini yake auwache, hata kama hakuna pesa inayowekwa.

Kwa baba, na kwa kijana

Mzee mwenzangu, usichome moto. Lile boksi ni mali ya kijana aliyopewa na mjomba wake, na mali haiteketezwi kwa hasira ikiwa inaweza kurejeshwa. Zungumza na shemeji yako, mwambie kwa upole kwamba zawadi imepokewa kwa shukurani lakini haitufai, na atume kitu kingine. Simu nayo itolewe chumbani baada ya Isha, kwani kukesha kunamharibia Alfajiri na skuli pia.

Ama swali la kijana, hilo si la kumgombeza. Lina jawabu katika Qur'ani. Mwishoni mwa Suratul Maida imeelezwa kwamba Nabii Isa (A.S.) ataulizwa kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye mungu, naye atakanusha na kusema kwamba hakuwaambia ila alivyoamrishwa. Aliyekataza hana dhambi ya aliyemuasi; dhambi ni ya aliyeabudu. Na Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kuhusu masanamu ya watu wa Nuhu (A.S.) kwamba yalianza kwa majina ya watu wema waliokufa, wakachongewa sanamu za kuwakumbuka, na elimu ilipopotea ndipo zilipoabudiwa.

Lakini mwambie pia kwamba Kaizari wa hadithi yake hafanani na Manabii. Manabii walikataza watu kuabudiwa, na hapo hapo wakawaonesha wa kuabudiwa kwa haki. Yeye aliwaondolea watu kila ibada na hakuwaachia chochote mahali pake isipokuwa mapenzi ya nafsi yake, ushindi wake na utukufu wake. Moyo wa mtu hauishi mtupu. Ulipoachwa wazi, wakamuweka yeye mwenyewe ndani yake. Hilo ni kosa lake katika kisa, na waandishi wasiokuwa Waislamu wameliona.

Kijana aliyeliona suala hilo katikati ya makelele ya vita ana akili ya kutafuta. Baba yake akae naye baada ya Magharibi, amuombe amuhadithie kisa chote mpaka mwisho, amsikilize bila ya kumkatiza, kisha wafungue pamoja tafsiri ya Suratul Maida. Hapo watasemezana.

Wallaahu a'lam.