Mtihani wa udereva ni kinga, usogezwe karibu na wananchi

WATU 4,324 walifariki katika barabara za Kenya mwaka wa 2023, kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Mwaka uliofuata idadi hiyo ilipanda hadi 4,748. Kama ungekuwa ugonjwa, kila mtu angeuliza dawa iko wapi. Lakini kwa kuwa ni ajali, tunasema ni siku yao ilifika, kisha tunachanga pesa za mazishi.

Kwa daktari, ajali ni ugonjwa kama malaria. Ina chanzo, ina watu inaowashambulia zaidi na ina kinga. Shirika la Afya Duniani (WHO) lasema hakuna kitu kinachoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kuliko ajali za barabarani.

Katika wodi za mifupa, wengi wanaolala na miguu iliyovunjika ni vijana wa boda boda na abiria wao. Pikipiki ziliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuondoa ushuru kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Pikipiki zilifika kila kijiji, lakini mafunzo na mtihani havikuzifuata huko.

Chukua mfano wa kijana wa Lokichoggio. Hata mtihani ukifanyiwa Lodwar, makao makuu ya kaunti yake, ana safari ya takriban kilomita 200 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Hapo hujahesabu karo ya shule ya udereva, malazi na siku ambazo hatapata hata shilingi. Si ajabu akifundishwa na rafiki yake jioni moja uwanjani, na kesho yake abebe mama mjamzito.

Hatari haiishii hapo. Asiye na leseni akimgonga mtu hutoroka, kwa kuwa anaogopa polisi. Majeruhi huachwa akivuja damu, ilhali saa ya kwanza ndiyo mara nyingi huamua kama atapona. Kampuni ya bima nayo hupata sababu ya kukataa kulipa, na mzigo wa matibabu huiangukia familia.

Wapo watakaosema kwamba kusogeza mtihani karibu ni kuulegeza. Sivyo. Chanjo ya surua haikupunguzwa nguvu ilipopelekwa vijijini; wauguzi ndio waliosafiri nayo. Vivyo hivyo, wakaguzi waende kwa zamu katika kila kaunti ndogo, kwa tarehe zinazotangazwa mapema. Anayejua alama za barabarani lakini hajui Kiingereza aulizwe kwa Kiswahili. Anayeshindwa arudi kujifunza, na asipewe nafasi ya kununua leseni kwa kitu kidogo. Leseni ya hongo ni sawa na dawa bandia.

Siku hiyo hiyo muuguzi awapime macho na shinikizo la damu. Mwenye kifafa au kisukari ashauriwe na daktari kabla ya kushika usukani.

Nawe msomaji, usingoje serikali. Fanya haya:

• Muulize mwenye boda boda kama ana leseni. Akikasirika, tafuta mwingine.

• Vaa helmeti na uifunge kidevuni. WHO lasema helmeti iliyovaliwa vyema hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74.

• Funga mkanda hata ukikaa kiti cha nyuma.

• Mwambie dereva apunguze mwendo. Kila kasi inapoongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne.

• Ukimkuta majeruhi, usimvute mkono wala kumkunja ndani ya gari. Bana kidonda kinachovuja damu kwa kitambaa safi, na uita msaada.

Mfupa wa paja huchukua miezi kadhaa kuunga. Mtihani wa udereva, ukiwa karibu, humalizika kwa siku moja.