Paje: angalia upepo kabla ya kuagiza mzigo

Wauzaji wenzangu, mimi sabuni za mwani naziagiza kwa kuangalia upepo. Wageni wengi wa Paje wanafuata kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara. Wanajaa wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, na wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei kijiji kinapoa. Ukifungia mtaji wako kwenye mzigo mwezi Machi, utakaa nao.

Tangazo naliweka mwezi mzima kabla, mgeni akiwa bado kwao anapanga safari. Picha napiga maji yakikupwa, mashamba ya mwani yakiwa wazi na kina mama wapo kazini (waombe ruhusa kwanza jamani, si mapambo wale). Halafu bei iandike. “Njoo inboksi” mgeni anaipita tu.