Sakafu inatoa vumbi kila siku? Usimlaumu anayefagia

Leo tuache siasa kidogo tuangalie chini, namaanisha chini kabisa, pale unapokanyaga. Wengi wetu tumepanga vyumba vya sakafu ya saruji, na wengine ndo kwanza wameanza kujenga kibanda chao huko Kivule au Mbagala. Malalamiko ni yale yale: unafagia asubuhi, mchana vumbi la kijivu limerudi kwenye shuka, kwenye redio, mpaka kwenye sahani. Watu wanasema linatoka barabarani. Pitisha kiganja sakafuni baada ya kufagia na kupiga deki. Pakishakauka, kikitoka na unga wa kijivu, ujue sakafu yenyewe ndiyo inayosagika.

Kwa nini? Watu wengi, na mafundi wamo, wanadhani zege linakauka kama nguo kwenye kamba. Siyo. Saruji inakuwa ngumu kwa kuungana na maji kikemia, na kazi hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa. Ile namba 32.5 au 42.5 kwenye mfuko ni nguvu inayopimwa baada ya siku 28, siyo kesho yake. Maji yakikimbia mapema kwa jua letu hili la Dar, kazi inakatikia njiani na ngozi ya juu inabaki dhaifu. Ndiyo maana sakafu mpya inamwagiliwa angalau siku 7, au inafunikwa kwa magunia mabichi ama nailoni. Nimeona nyumba kibao fundi anamaliza Jumamosi, Jumatatu watu washaingiza makabati. Hapo umenunua vumbi la miaka.

Kosa la pili liko kwenye ndoo. Mfuko wa kilo 50 unatosha lita 25 hivi za maji, na kama mchanga umenyeshewa unapunguza. Lakini vibarua wanapenda zege jepesi kama uji, maana linasambaa bila kuvunja mgongo (siwalaumu sana, jaribuni wenyewe kulisukuma). Maji ya ziada yanapanda juu, yakiondoka yanaacha vitundu. Halafu fundi mwenye haraka anarushia saruji kavu iyanyonye ili apige niru aende zake. Siku ya kukabidhi inang'aa kama kioo! Miezi michache mbele inabanduka kama ganda la yai. Dawa ni kusubiri maji hayo yaishe yenyewe ndipo mwiko upite.

Tatizo jingine ni unyevu kutoka ardhini, hasa pale ambapo hawakutandika nailoni chini ya jamvi. Kabla hujalaza kapeti la plastiki, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba pembe zote kwa gundi ya karatasi, acha siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini, maji yanapanda. Ukilifunika hilo kwa kapeti utapata ukungu na harufu. Ule unga mweupe unaotokea pembeni mwa ukuta ni chumvi iliyobebwa na maji hayo hayo. Usugue kwa brashi kavu kwanza, maana ukimwaga maji unairudisha ndani.

Kwenye usafi, sikilizeni akina kaka na dada mnaopenda njia za mkato: ndimu, siki na zile dawa za choo zenye tindikali zinakula saruji. Doa linatoka, na sakafu inatoka nalo. Sabuni ya kawaida na maji inatosha. Mchanga wa viatuni nao ni msasa, weka kitambaa mlangoni.

Ufa mwembamba kama unywele usikutie presha. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe. Ukivuka alama au upande mmoja ukishuka, mwite fundi, kwani huenda kifusi cha chini hakikushindiliwa.

Sakafu inayotoa unga bila kubanduka inaweza kuokolewa: inapakwa dawa ya maji yenye sodiamu siliketi, ambayo inaingia ndani na kukaza ile ngozi. Ikishabanduka, hapo ni kukwangua na kupiga upya. Wakati wa kukwangua, lowanisha na uvae barakoa, watoto watoke kabisa. Vumbi la zege lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki.