KLORINI NA KENI ZA MAZIWA: KWA NINI DAWA HULA METALI

Mwanachama akikuta keni yake ya alumini imefanya vijishimo ndani, hudhani ameuziwa keni mbovu. Mara nyingi chanzo ni dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, iliyotumiwa pasipo kipimo.

Klorini imo katika jamii ya elementi ziitwazo halojeni, pamoja na florini, bromini na iodini. Atomu ya halojeni ina elektroni 7 katika tabaka lake la nje, nayo huhitaji 8 ili itulie. Metali, kwa upande wake, ni nyepesi kutoa elektroni. Zikutanapo, metali hutoa, halojeni hupokea, na huzaliwa kitu kipya kiitwacho chumvi. Sodiamu ni metali inayochachamaa vikali majini. Klorini ni gesi ya sumu iliyotumiwa vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zikiungana, huwa chumvi ya kupikia. Katika kila gramu 100 za chumvi hiyo, gramu 61 hivi ni klorini.

Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi. Dawa ya klorini iliyokolea, au iliyoachwa muda mrefu, huuharibu utando huo, na metali iliyo chini huanza kuliwa. Hata chuma kisichoshika kutu huweza kutoboka vivyo hivyo. Katika vijishimo hujificha mabaki ya maziwa na vijidudu, mahali brashi isipofika. Maziwa huchacha njiani, hukataliwa kituoni, na jasho la mwanachama hupotea bure.

Kwa hiyo yafaa kuzingatia haya:

1. Keni isuguliwe kwanza kwa sabuni na maji moto, kwa kuwa mabaki ya maziwa hudhoofisha klorini.
2. Dawa ipimwe kama kibandiko kinavyoagiza. Kuzidisha si kusafisha zaidi.
3. Dawa isilazwe ndani ya keni usiku kucha. Muda ukitimia imwagwe, keni isuuzwe kwa maji safi na kuinamishwa ikauke.
4. Dawa isiyochanganywa na maji ihifadhiwe katika chombo chake cha plastiki, kamwe si cha metali.
5. Klorini isichanganywe na asidi ya kuondolea ukoko wa maziwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ile ile ya sumu.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya mkutanoni, na kuyabandika mahali pa kuoshea keni.