Mbao za sakafu: unyevu ndio unaokula faida

Wanaojenga nyumba za kupangisha na nyumba za wageni katika miji ya Bukoba na Muleba wamezoea kumalizia sakafu kwa saruji au vigae. Wapo pia wanaotaka mbao ngumu, na swali lao la kwanza kwa mwenye ghala huwa bei ya futi. Ukurasa huu unashauri swali hilo lisogezwe nyuma kidogo. Kwanza iulizwe mbao zina maji kiasi gani, maana hapo ndipo fedha nyingi za sakafu hupotelea.

Jambo hili si geni kwa mfanyabiashara wa Kagera. Mnunuzi wa kahawa ya maganda huchota kiganja na kuitikisa asikie buni zikigonga ndani, kwani anajua kwamba anayepokea kahawa mbichi analipia maji. Tofauti ni kwamba kahawa mbichi humtia mtu hasara palepale kwenye mizani. Mbao humtia hasara baada ya miezi sita, fundi akiwa amekwisha lipwa na mpangaji amekwisha hamia.

Ubao uliokatwa na kupigwa randa bado hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa inayouzunguka. Ukinywa hutanuka kwa upana, ukitoa hunywea. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuhesabika. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mbao zilizotulia ndani ya nyumba hapa hukaa na unyevu wa takriban asilimia 13 hadi 16. Mninga mwingi hutoka katika miombo ya Tabora na Katavi, ambako kiangazi ni kirefu na kikali, na ubao uliokaa huko hadi Septemba unaweza kushuka mpaka asilimia 8 au 9. Ukipakiwa kwenye lori na kugongomelewa Bukoba wiki hiyohiyo, mvua za Oktoba hadi Desemba zinapoingia utatafuta nafasi ya kutanukia. Ukikosa, sakafu huinuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe.

Kinyume chake ni mbao mbichi, mathalani mkaratusi uliopasuliwa majuzi na kuuzwa kwa bei nafuu. Huo hunywea hadi shilingi ya sarafu ikapita kati ya ubao na ubao.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mbao tulivu kama mninga, mvule au mtiki, kila asilimia 1 ya unyevu huongeza au hupunguza milimita 1 hadi 2 katika kila mita 1 ya upana. Chumba cha upana wa mita 4, mbao zikipanda kwa asilimia 4, hutanuka kati ya milimita 16 na 32. Mkaratusi hucheza zaidi ya mara mbili ya hapo, na ndiyo sababu bei yake ndogo si lazima iwe unafuu. Msizi unapatikana kwa wingi Kagera, ila ni laini mno. Kisigino cha kiatu huacha alama. Msonobari nao uachwe kwenye dari.

Asiye na kipima unyevu atumie mizani ndogo na oveni. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka mapema, ukipime na uandike uzito. Kikaushe kwa nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kikiwa gramu 230 kwanza na gramu 200 mwishoni, maji ni gramu 30, nazo zikigawanywa kwa 200 ni asilimia 15. Chukua vipande vitatu au vinne kutoka sehemu tofauti za mzigo. Muuzaji anayekataa kipande kimoja kikatwe amekwisha kujibu swali.

Mzigo ukifika, usipange mbao nje chini ya turubai. Zipangwe ndani ya nyumba itakayotandikwa, ikiwa tayari imeezekwa, imepigwa lipu na lipu imekauka, huku vibao vyembamba vikitenganisha kila safu ili hewa ipite. Wiki tatu ni kidogo. Kwa mbao zilizotoka mbali mwezi mmoja au zaidi ni salama. Hapa ndipo mwekezaji mdogo hukosa subira, kwa kuwa fedha imelala na fundi anadai kazi. Lakini gharama ya mwezi wa kusubiri ni ndogo kuliko ya kung'oa.

Jamvi nalo lina maji yake. Zege jipya la inchi 4 lihesabiwe miezi minne au zaidi kabla ya kupokea mbao. Bandika nailoni ya mita moja mraba juu yake, ziba kingo kwa utepe, urudi kesho yake: ukikuta matone chini ya nailoni, subiri. Nyumba zilizopata nyufa katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 zikaguliwe sakafu pia, kwani ufa uliofunikwa kwa rangi tu bado hupitisha unyevu, na mchwa nao huutumia.

Sasa idadi, ambayo wengi hukosea. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ukihesabu ubao wa inchi 4 kwa upana wake wa jina, utaagiza vipande 54 vya futi 12. Lakini ukishapigwa randa na kuchongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ubao huo hubakiwa na uso wa milimita 85 hivi. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kutupa, na hesabu inafika vipande 71. Tofauti ni vipande 17 kwa chumba kimoja. Weka bei ya ghala lako uone. Anayeagiza mara ya pili hupata mbao za mti mwingine, rangi nyingine na unyevu mwingine.

Katika kutandika, nailoni ngumu hutangulia juu ya jamvi, kisha mbao za chini zilizotiwa dawa ya mchwa, umbali wa sentimita 40. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kando ya kuta zote, na ubao wa pembeni unaoificha ugongomelewe ukutani, usishike sakafu. Mbao ngumu zitobolewe kwanza kwa keekee, na msumari uingie kwa mshazari kwenye ulimi ili usionekane.

Msasa uanze na namba 40 au 60, kisha 80, umalizie 120, kufuata nyuzi za mbao. Vanishi ya mafuta tabaka tatu, kila moja ikikauka vizuri. Siku za mvua hukauka polepole sana, na vanishi za nitro zikipakwa katika hewa ya majimaji hupata utando mweupe. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri wa kazi hii. Anayetumia mafuta ya kitani badala ya vanishi aanike vitambaa vyake nje vikiwa vimekunjuliwa, kwa sababu vikirundikwa huweza kujiwasha moto vyenyewe.

Ubao wa milimita 20 unaweza kupigwa msasa upya mara kadhaa, wakati sakafu za kubandika za laminati zikivimba kwenye maungio hazina dawa. Hiyo ndiyo faida ya mwenye nyumba ya kupangisha.

Kwa wanaofikiria kununua shehena, kila mzigo wa mbao uwe na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu. Aidha, mninga na mkongo vimo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu uamuzi wa Novemba 2022 nchini Panama. Biashara ya ndani ya nchi haikuguswa na uamuzi huo, bali anayevusha mbao hizo Mutukula kwenda au kutoka Uganda anahitaji kibali cha mkataba, na ni vema kikapatikana kabla ya lori kupakiwa.