Jina la programu nalo ni mali

BRUSSELS – Kila majira ya baridi, waandishi wa programu huria hukutana hapa Chuo Kikuu cha ULB, kwenye mkutano wa FOSDEM. Kiingilio ni bure. Kazi yao haina ubishi. Tatizo ni kujulikana.

Sisi Waswahili tunalo la kujifunza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Jina tamu, ila nusu yake ilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 2010 wanajumuiya wa OpenOffice walipojitenga na Oracle, kazi waliondoka nayo, jina likabaki. Wakaanza upya: LibreOffice.

Ndugu zangu, kabla ya nembo na fulana, andikisheni jina. Liwe la jumuiya, si la mfadhili.