Mashine ya Kukatia Majani Iliyosahauliwa Ghalani: Jinsi ya Kuirudisha Kazini

Mtu afikaye Konza, mahali ambapo reli ya Magadi huachana na njia ya zamani ya reli iendayo Mombasa, huona majani tangu miguuni pake mpaka upeo wa macho. Baada ya mvua ya vuli majani hayo huwa mabichi na kufika magotini. Kiangazi kikizidi hukauka kama karatasi, na kijiti kimoja cha kiberiti chatosha kuteketeza boma zima. Kwa hiyo wenye ranchi, shule na makanisa katika nyanda hizo hawakati majani kwa ajili ya uzuri tu. Uwanja uliokatwa vema kuizunguka nyumba huzuia moto wa nyikani, tena humnyima nyoka maficho.

Wengi hufanya kazi hii kwa fyekeo. Wenye viwanja vikubwa hutumia mashine ipandwayo na mtu kama trekta ndogo, yenye visu vizungukavyo chini ya tumbo lake. Mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa na Edwin Budding, mtu wa Stroud katika Uingereza, mwaka 1830, nayo ilisukumwa kwa mikono. Hizi za kupandwa zilienea sana Marekani baada ya vita vya 1939-45, na kampuni ya John Deere ilianza kuuza yake mwaka 1963. Kwetu si nyingi, tena ni ghali, na vipuri vyake havipatikani katika kila duka. Basi ikilala mwaka mmoja au miwili bila kazi, mwenyewe huikatia tamaa na kumwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu aichukue kwa kilo.

Tuliiona moja ya namna hiyo katika ghala la ranchi si mbali na Konza. Ilikuwa imekaa miaka minne chini ya magunia, na magurudumu yake mawili yalikuwa yamelala chini bila upepo. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kutaja bei yake. Kijana mmoja mwenye nguvu na haraka alitaka kuijaribu kabla haijauzwa, naye alikuwa amekwisha kuleta waya ili achukue umeme kutoka katika lori.

"Mzee, tuipige stata tu, tuone kama itawaka," alimwambia fundi aliyeitwa kuitazama.

"Ngoja, kijana wangu. Ukiipiga stata leo, utaivunja leo. Nipe spana ya plagi kwanza."

Mzee huyo alikuwa na haki kwa sababu mbili. Ya kwanza, malori mengi hutumia umeme wa volti 24, na mashine hii ni ya volti 12. Waya zake zingeungua mara moja. Ya pili ni kubwa zaidi. Injini iliyolala muda mrefu mara nyingi haikuvunjika, bali imekauka na kuchafuka. Uharibifu wenyewe huja siku ile watu wanapoilazimisha izunguke na hali pistoni imeshikwa na kutu, mafuta yamegeuka tope, na panya wamejenga kiota juu ya silinda.

Kazi huanza kwa kuutoa waya wa plagi na kuuweka mbali, ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya wakati mikono iko karibu na visu. Halafu hufunguliwa kile kifuniko cha bati kilicho juu ya injini. Usiingize mkono kabla ya kupekua kwa kijiti, kwa maana nyigu hupenda sana mahali hapo, na nyoka pia. Injini hizi hupozwa kwa upepo upitao kati ya mapezi ya silinda, hazina maji. Kiota cha panya kikiachwa hapo injini huwaka vizuri, ikafanya kazi dakika ishirini, kisha ikaungua kwa joto, na mwenyewe akasema kwamba aliuziwa kitu kibovu. Katika mashine ya Konza zilitoka nyasi za kujaza karai zima.

Baada ya hayo, plagi hufunguliwa na vijiko viwili vya mafuta mepesi ya kulegeza kutu humiminwa ndani ya silinda. Huachwa usiku kucha. Kesho yake injini huzungushwa polepole kwa mkono, kwa kulishika lile gurudumu lenye sumaku lililo juu. Ikikataa, ongeza mafuta na ungoje siku nyingine. Usilipige nyundo gurudumu hilo. Ikizunguka, weka kidole gumba juu ya tundu la plagi na uizungushe tena. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni na valvu zina uzima. Pasipokuwa na upepo hata kidogo, yamkini valvu moja imekwama wazi kwa kutu, jambo litokealo mara nyingi, na kwa kawaida hulegea kwa mafuta na subira. Lakini mhimili wa injini ukionekana umepinda kwa sababu ya kugonga jiwe au kisiki zamani, hapo mwite mnunuzi wa vyuma. Hatuoni faida ya kutumia fedha kwa mhimili uliopinda.

Mafuta ya injini ya zamani humwagwa yote, hata kama yaonekana mazuri. Kijiti cha kupimia ndicho kiamuacho kiasi cha mafuta mapya. Kwa injini nyingi za silinda moja kiasi hicho ni karibu lita moja na nusu, na namba 30 hufaa katika nchi ya joto. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

Sasa twafika kwenye petroli, na hapa ndipo penye shida nyingi kuliko pengine popote. Petroli haidumu. Ikikaa miezi michache katika tangi hupoteza ile sehemu nyepesi iwakayo upesi, na kinachobaki hugeuka kuwa kitu kama gundi, chenye harufu kali ya kuchacha. Kuongeza petroli mpya juu ya ile iliyochacha ni kupoteza fedha. Imwage yote, mbali na jiko na sigara, uioshe tangi, na uitazame mipira ipitishayo petroli. Ukiikunja ikapasuka, badilisha. Mpira mpya ni bei ndogo kuliko moto wa petroli.

Kisha fungua kabureta. Chini yake kuna kikombe kidogo, na ndani ya kikombe mna boya lipandalo na kushuka kwa kipimo cha petroli, kama boya la tangi la maji. Katikati mna kitundu chembamba sana kiitwacho jeti. Injini nzima hupata chakula chake kwa kitundu hicho, na gundi ya petroli huanza kuziba hapo. Wengi huchukua sindano au ncha ya kisu wakakichokoa. Kufanya hivyo ni kuharibu, maana chuma kigumu hukipanua kitundu, na tangu siku hiyo injini hunywa petroli kupita kiasi. Chukua unyuzi mmoja wa shaba katika waya wa taa ya umeme, upitishe taratibu, kisha safisha kwa petroli mpya na kupuliza kwa bomba la baiskeli. Mzee wetu alikiinua kitundu hicho kuelekea jua mara tatu kabla ya kuridhika. Katika kabureta nyingi za siku hizi, chini ya kikombe kuna kizibo kifunguliwacho kwa umeme. Betri ikiwa imekufa, kizibo hakifunguki wala petroli haipiti, na fundi asiyejua jambo hilo huweza kufungua kabureta mara kumi bila kuona kosa.

Kwa habari ya kabureta, watu wa Konza wana jambo lao. Mahali hapo pako zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya namna hii hupungukiwa nguvu karibu asilimia 3 na nusu kwa kila futi 1,000 za kupanda, yaani huko Konza hukosa karibu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa, au zaidi kidogo. Tena petroli huwa nyingi kuliko hewa ichanganyikayo nayo, moshi ukawa mweusi na plagi ikajaa masizi. Mwenye mashine asidhani kuwa imezeeka. Kampuni nyingi huuza jeti ndogo zaidi kwa ajili ya nchi za juu, na kuibadili ni kazi ya nusu saa.

Plagi yenyewe ni afadhali inunuliwe mpya. Nafasi ya ncha zake kwa injini nyingi za Briggs & Stratton ni robo tatu za milimita. Ukitaka kuiona cheche, unganisha plagi na waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu la silinda, kwa maana mvuke wa petroli utokao humo huweza kushika moto. Cheche ikikosekana, sugua kutu iliyo juu ya sumaku za gurudumu na uso wa koili, kisha acha nafasi ya unene wa kadi ya posta kati yake. Utazame pia ule waya mwembamba wa kuzimia injini; panya wakiula ngozi yake ukagusa chuma, cheche haipatikani kamwe.

Betri ikitiwa umeme siku nzima na bado isifike volti 10, imekwisha. Lakini betri nzuri nayo yaweza kuwekwa na stata isiseme neno. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kununua vipuri bure. Mashine hizi zina swichi za usalama: moja chini ya kiti, moja kwenye breki, na nyingine kwenye mtambo wa visu. Mtu asipokaa kitini, au breki isipokanyagwa, au visu visipoondolewa kazini, injini haikubali kuwaka. Mashine ya Konza ilikuwa na swichi ya kiti iliyojaa vumbi jeusi la ardhi ya huko, hata ikawa kama kitini hakuna mtu. Ilisafishwa kwa brashi na petroli kidogo, basi.

Yule kijana alishauri swichi hiyo ifungwe kwa waya ili isisumbue tena. Mzee alikataa, nasi twakubaliana naye kabisa. Swichi hiyo ndiyo huzima visu mtu anapoanguka kutoka kitini, na ncha za visu hivyo huweza kukaribia mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Jiwe dogo likitupwa kwa mwendo huo hufanya kazi ya risasi. Kumpakata mtoto juu ya mashine hii, desturi tuliyokwisha kuiona kwa macho, ni jambo la kukatazwa kabisa.

Visu hutolewa na kunolewa kwa tupa, na wajuao kunoa panga hawahitaji mafundisho mengi. Linalosahauliwa ni mizani. Tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande uinamao ndio mzito, nao upunguzwe mpaka kisu kilale sawasawa. Kisu kisicho na mizani huitikisa mashine yote na kuharibu beringi. Kisu chenye ufa kitupwe, kisichomelewe. Mikanda yenye nyufa ibadilishwe. Magurudumu yajazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, ambacho ni kidogo sana, mara nyingi ratili 10 hadi 14, na katika nchi ya miiba ya migunga ni vizuri kuyatia mipira ya ndani.

Siku ya tatu mashine iliburutwa nje, maana moshi wa injini ndani ya ghala huua bila harufu ya kumwonya mtu. Choki ilivutwa, kijana akakaa kitini, akakanyaga breki. Mara ya nne injini ilikohoa, ikatoa moshi mwingi mweupe, watu wakarudi nyuma. Moshi huo ulikuwa wa yale mafuta yaliyomiminwa katika silinda, ukaisha katika dakika chache. Mzee aliiacha izunguke dakika tano, akaizima, akatazama kama kuna uvujaji, kisha akairuhusu tena. Mafuta ya injini yalimwagwa baada ya saa tano za kazi na kutiwa mengine, kwa kuwa ya kwanza hubeba uchafu wote wa ile miaka. Gharama ilikuwa plagi moja, betri, mkanda mmoja, mpira wa petroli na mafuta. Yule mnunuzi wa vyuma alirudi Jumamosi na mizani yake, akaondoka nayo tupu.

Kwa atakayeitumia mashine ya namna hii nyanda za Konza, majani marefu ya nyikani yafyekwe kwanza kwa mkono. Mashine hii ni ya majani ya uwanjani, na vichuguu na mawe vilivyofichwa huvunja mhimili. Katika kiangazi kata asubuhi mapema, wakati umande ungalipo, kwa kuwa kisu kikigonga jiwe adhuhuri hutoa cheche, na majani makavu yaliyogandamana karibu na bomba la moshi hushika moto. Yaondoe kila siku, na usitie petroli kabla injini haijapoa. Majani yakiisha kukatwa na mvua ikiwa mbali, funga bilula ya petroli uiache injini izunguke mpaka ijizime yenyewe na kabureta ikauke, mwaga petroli iliyobaki katika tangi, toa waya wa betri, na uzibe njia za panya.